Ngome na Maji Yake

Picha ya ngome ya Bodiam inajulikana hata na watu wasioijua kwa jina. Imechapwa katika kalenda na kadi za posta, na mwaka 1975 wachekeshaji wa Kiingereza waitwao Monty Python waliiingiza kwa nukta chache katika filamu yao ya kuwafanyia mzaha mashujaa wa kale. Ni ukuta wa mraba wa mawe, minara minne ya duara kwenye pembe zake, na chini yake maji yaliyotulia ambayo ndani yake inaonekana ngome ya pili iliyosimama kichwa chini. Mwambie mtoto yeyote achore ngome ya kizungu, hata mtoto wa Tanga au Lamu ambaye hajapata kuondoka pwani, atakuchorea kitu cha namna hii. Hilo ndilo linalonifanya niitilie shaka. Jengo linalofanana mno na wazo letu la jengo halina budi kuhojiwa kabla ya kusifiwa.

Nianze na neno lenyewe. Kwetu, mtu akitaja handaki, msikilizaji huona shimo kavu: ama lile la askari wa kujikinga na risasi, ama lile lililochongwa katika mwamba wa matumbawe mbele ya Ngome ya Yesu huko Mombasa, upande wa nchi kavu. Handaki la Bodiam ni kitu kingine. Ni ziwa dogo lililotengenezwa kwa makusudi, likalishwa na chemchemi za papo hapo, likazuiwa kwa kingo za udongo, na katikati yake likawekwa jengo kama sahani katikati ya sinia. Nitaliita handaki kwa kuwa sina neno jingine, lakini msomaji akumbuke kwamba ninasema juu ya maji.

Ngome hii iko Sussex, kusini mashariki ya Uingereza, kando ya mto Rother, ambao zamani zile ulipitika kwa vyombo kutoka baharini. Aliyeijenga ni Sir Edward Dallingridge. Mwezi Oktoba 1385 Mfalme Richard wa Pili alimpa kibali cha kuizungushia nyumba yake ya Bodiam ukuta wa mawe wenye vinara vya kujikingia, kwa ajili ya ulinzi wa nchi ile na kuwapinga maadui wa Mfalme. Kibali kilisema aiimarishe nyumba aliyokuwa nayo. Yeye akaiacha hiyo nyumba, akachagua mahali papya, na kujenga upya kutoka msingini. Tayari mwaka 1383 alikuwa amepata ruhusa ya kuanzisha gulio la kila wiki na maonyesho ya kila mwaka hapo kijijini, na mwaka 1386 akapata ruhusa nyingine ya kugeuza maji ya mto ili yaendeshe kinu chake. Tuziweke karatasi hizi tatu pamoja: gulio, ngome, kinu. Katika miaka mitatu mtu mmoja amejikusanyia soko, ukuta na maji. Nadhani nusu ya makosa ya wahakiki wa Bodiam yametokana na kuisoma karatasi ya katikati peke yake.

Kwa muda mrefu habari ilikuwa nyepesi. Wafaransa walikuwa wameuchoma mji wa Rye mwaka 1377 na kuivamia Winchelsea mwaka 1380. Bonde la Rother lilikuwa mlango uliobaki wazi. Askari mkongwe akajenga kufuli. Hivyo ndivyo walivyosimuliana watu, na hivyo ndivyo wageni walivyoambiwa. Kisha, katika miaka ya themanini na mwanzoni mwa ile ya tisini, wataalamu wakaanza kuitazama kufuli yenyewe na kuuliza kama ina ufunguo. Mwaka 1986 D. J. Turner aliuliza kwa maandishi kama hii ni ngome ya kweli au ni nyumba aliyoiota askari mzee. Wapimaji wa Tume ya Kifalme ya Makumbusho ya Kihistoria wakapima vilima na mashimo yote ya hapo, na taarifa yao iliyotolewa mwaka 1990 ikasema kwamba mabwawa, njia na matuta yanayoizunguka yalipangwa ili mgeni aone uzuri hatua kwa hatua. Mwaka 1992 Charles Coulson akachapisha uchambuzi mrefu ulioipokonya Bodiam silaha zake karibu zote.

Hoja za upande huu si za kupuuzwa. Kuta za nje zina unene wa takriban mita mbili, jambo la kawaida tu kwa zama zile. Vinara vya juu ni vifupi, na mtu mzima akijificha nyuma yake hana raha. Tundu za bunduki, zenye umbo la tundu la ufunguo, zimewekwa kwenye jengo la lango, na baadhi yake zina pembe finyu ya kulengea. Madirisha ya kanisa na ya ukumbi ni makubwa kuliko anavyoruhusu mtu mwenye hofu. Na lile handaki, fahari ya mahali pote, limekaa kwenye mteremko. Upande wa bonde linazuiwa na ukingo wa udongo. Vibarua wachache wenye majembe, wakipewa muda na giza, wangeweza kuutoboa ukingo huo na kuyaacha maji yote yashuke mtoni. Ngome ambayo silaha yake kuu yaweza kumwagwa kama maji ya beseni ina jambo la kujieleza.

Hata hivyo, nilipozisoma hoja hizi zote mfululizo nilibaki na uchungu fulani mdomoni. Zinanishawishi kuhusu mawe. Kuhusu mtu aliyeyaweka hazinishawishi. Katika maandishi haya Dallingridge anageuka polepole kuwa bwana mpole mwenye jicho la uzuri, mpenda bustani, mchora mandhari kabla ya wakati wake. Neno linalotumika sana ni hadhi. Alijenga kwa ajili ya hadhi. Minara ni ya hadhi, maji ni ya hadhi, tundu za bunduki ni za hadhi. Na neno hadhi lina tabia ya kuosha mikono ya mtu. Ukisema mtu amejenga kwa vita, msikilizaji atauliza: dhidi ya nani? Ukisema amejenga kwa hadhi, hakuna anayeuliza, ingawa swali ni lile lile.

Basi tuulize. Dallingridge hakuzaliwa tajiri mkubwa. Eneo la Bodiam lilimfikia kwa ndoa, kwa mkewe Elizabeth Wardieu. Fedha nyingine alizitafuta Ufaransa, katika vile vikosi vilivyopigana kwa malipo na kwa nyara, chini ya Sir Robert Knolles, mtu ambaye jina lake lilitajwa kwa woga katika vijiji vya Ufaransa kwa jinsi alivyoviacha vikiwa moshi. Hebu msomaji aipime hali hiyo. Kibali cha 1385 kinasema ngome ni ya kuwapinga maadui wanaokuja kuchoma na kupora. Anayekipewa ni mtu aliyekwisha kuchuma katika kazi ya kuchoma na kupora ng'ambo ya bahari hiyo hiyo. Sisemi kwamba hofu ya Wafaransa ilikuwa ya uongo. Mwaka 1386, mawe ya Bodiam yakiwa bado yanapandishwa, Ufaransa ilikusanya majeshi na merikebu nyingi sana bandarini Sluys kwa nia ya kuivamia Uingereza, ingawa mwishowe hazikung'oa nanga. Hofu ilikuwapo. Lakini hofu ya kweli yaweza pia kuwa kisingizio kizuri.

Kuna jambo jingine, na ajabu yangu ni kwamba huwekwa mwishoni mwa maelezo kama kichekesho. Mwaka mmoja kabla ya kibali, yaani 1384, Dallingridge alishitakiwa kwa kuwashambulia watumishi wa John of Gaunt, Mtawala wa Lancaster na baba mdogo wa Mfalme, ambaye alikuwa na ardhi na haki nyingi katika Sussex zilizogusa maslahi ya mabwana wa pale. Mbele ya mahakama Dallingridge alitupa chini glavu yake ya chuma, maana yake: anayenituhumu na aje tupigane. Akafungwa. Hakukaa sana, mlezi wake, Earl wa Arundel, alikuwa na mkono mrefu. Mwaka uliofuata mtu huyo huyo anapokea ruhusa ya kujenga minara.

Ukiisoma ngome kwa jicho hilo, ubishi wa vita au hadhi unakosa maana yake. Adui wa Dallingridge aliyekuwa karibu zaidi hakuhitaji kuvuka bahari. Alikuwa jirani, karani, msimamizi wa ardhi, wakili wa bwana mwingine. Alikuwa pia mkulima, ambaye mwaka 1381, miaka minne tu kabla, alikuwa ameinuka katika Kent na Essex na kuingia London kwa nguvu, na mpaka wa Kent hauko mbali na Bodiam. Dhidi ya watu kama hao huhitaji ukuta wa kuhimili mizinga kwa miezi. Unahitaji ukuta unaomfanya mtu arudi nyuma kabla hajaanza. Tundu la bunduki lisilolenga vizuri bado ni tundu, nalo linamtazama anayekuja kudai haki yake. Kwa maoni yangu hadhi ya Bodiam ni vita kwa njia ya bei nafuu, na wale wanaoiona kuwa pambo tu wameyatazama maji wakasahau nani alitakiwa asiyavuke.

Ushahidi wangu bora ni njia ya kuingilia. Mgeni wa leo huingia kutoka kaskazini kwa daraja lililonyooka, anapiga picha zake na kufika langoni. Njia ya zamani ilikuwa ya ujanja zaidi. Ilianzia ukingo wa magharibi, ikapita juu ya maji kwa daraja refu la mbao mpaka kwenye kisiwa kidogo chenye pembe nane, hapo ikakata kona kali kuelekea kusini, ikapita jengo la mbele lenye lango lake, ndipo ikafika kwenye lango kuu. Wenye kupenda vita husema: angalia, mshambuliaji anatembea akiwa ameuelekezea ukuta ubavu wake wa kulia, na ngao iko mkono wa kushoto. Wenye kupenda uzuri husema: angalia, mgeni analazimishwa kuitazama ngome nzima kwa ubavu kabla ya kuigeukia. Wote wana haki, maana ni njia moja na mguu ni mmoja. Anayekuja kwa heri anaonyeshwa utajiri. Anayekuja kwa shari anaonyeshwa tundu. Na anayekuja kuomba, ambaye hatajwi na yeyote kati yao, anaonyeshwa vyote viwili, naye ana muda wa kutosha juu ya daraja lile wa kupunguza alichotaka kuomba.

Juu ya lango kuu zipo nembo zilizochongwa: ya Dallingridge mwenyewe, ya Wardieu, ukoo wa mkewe, na ya Radynden. Ni hati ya ardhi iliyoandikwa kwa mawe, ili hata asiyejua kusoma aelewe nani amemuoa nani na shamba limepitia wapi.

Ndani, ole. Sijui jengo lenye tofauti kubwa kuliko hii kati ya uso na tumbo. Nje ngome ni nzima kiasi cha kukufanya utarajie kelele za sufuria. Ukipita lango unakuta ua wa majani na vipande vya kuta. Wengi hunung'unika hapa, na nimewasikia watu wazima wakisema wameibiwa. Mimi naona ndani ndiko kunakostahili nusu ya siku. Kwa kuwa dari na sakafu hazipo, jengo limefunuliwa kama samaki aliyepasuliwa, na unaona jinsi lilivyofanya kazi. Upande wa kusini kulikuwa na ukumbi mkuu, na mwishoni mwake bado imesimama milango mitatu ya tao iliyopangwa sambamba: mmoja wa ghala la vinywaji, mmoja wa ghala la mikate, na wa katikati wa njia ya kwenda jikoni. Jiko lina meko makubwa. Kisima kimo ndani ya mnara wa kusini magharibi, na juu kabisa ya mnara huo huo yamejengwa matundu ya njiwa, kitoweo cha karibu kwa bwana aliyetaka nyama mbichi wakati wa baridi. Wamehesabu meko 33 na vyoo 28.

Hebu tuseme kidogo juu ya vyoo, kwa sababu waandishi wenye adabu huvipita haraka. Vyoo 28 katika nyumba ya mwaka 1385 ni anasa ya kushangaza. Vimejengwa ndani ya unene wa kuta na minara, vingi karibu na chumba chenye meko yake, hivyo kila mkaaji wa daraja fulani alikuwa na moto wake na faragha yake. Na vyote vinashuka wapi? Katika handaki. Yale maji tunayoyapiga picha, kioo cha anga, yalikuwa ndiyo karo la nyumba nzima. Chemchemi ziliyaburudisha kiasi, lakini siku za joto, maji yakiwa yamepungua, mwenye kuingia kwa lile daraja refu hakusikia harufu ya mawaridi. Sisemi haya kwa kukejeli. Mimi huona kwamba hapa ndipo handaki linapokuwa kitu cha kweli: lilikuwa kizuizi, kioo na choo kwa pamoja, na aliyelibuni hakuona aibu wala mgongano. Sisi ndio tunaotaka kila kitu kiwe na kazi moja.

Kikundi cha Matthew Johnson, kilichofanya uchunguzi hapo kati ya 2010 na 2014 na kutoa kitabu mwaka 2017, kimelielewa jambo hili kuliko waliotangulia. Hawakuchimba sana; walipima ardhi kwa vyombo, wakatembea, wakauliza watu wa namna zote walipita wapi na kwa kazi gani. Wakaonyesha kwamba baadhi ya yale yaliyoitwa mabwawa ya mapambo yalikuwa na shughuli zake: bwawa la kinu, na mahali pa vyombo vya mtoni. Mandhari ya Bodiam ni mandhari ya jasho. Lawama yangu kwao ni ndogo: wanaposisitiza kwamba kila mtu aliiishi ngome kwa namna yake, mpishi kwa yake na bwana kwa yake, sauti yao inakuwa ya upole mno, kana kwamba mpishi na bwana walitofautiana kwa ladha tu.

Maana kuna watu ambao hawakuingia kwa mlango wowote kati ya ile mitatu. Handaki halikuchimbwa na chemchemi. Udongo ule wote ulitolewa kwa jembe, kikapu na mabega. Hesabu za ujenzi wa Bodiam hazikusalia, kwa hiyo waashi wake na vibarua wake hawana hata mstari mmoja wa mshahara wa kuwakumbusha. Jina la Dallingridge tunalo, jina la mkewe tunalo, nembo za wakwe zake zimo mlangoni.

Yaliyofuata nitayapitisha upesi. Dallingridge alikufa mwaka 1393, baada ya kuwa mshauri wa Mfalme na hata, kwa wiki chache mwaka 1392, msimamizi wa jiji la London pale Mfalme alipoligombeza na kulinyang'anya haki zake. Baadaye ngome ilifika mikononi mwa ukoo wa Lewknor. Mwaka 1483 Richard wa Tatu aliamuru watu wakusanywe kuizingira, maana Sir Thomas Lewknor alikuwa amejiunga na wapinzani wake. Yaelekea ilisalimu amri bila mapambano ya maana. Hiyo ndiyo vita yake yote. Iliyoivunja haikuwa mizinga, ilikuwa deni: katika vita vya Mfalme na Bunge, mwenyewe wa wakati huo, Earl wa Thanet, alikuwa upande wa Mfalme, akatozwa faini, akaiuza mwaka 1644 kwa Nathaniel Powell, na ndani yake ikabomolewa. Kuta za nje zikaachwa. Ndiyo sababu ya ule uso mzima na tumbo tupu.

Lakini waokozi wake wawili siwezi kuwapita hivyo hivyo, kwa sababu vibao na vitabu huwashukuru kwa maneno matamu. Wa kwanza ni John Fuller, aliyeinunua mwaka 1829 wakati ambapo kulikuwa na hatari ya mawe yake kuuzwa, na kuanza kuitengeneza. Fuller anakumbukwa Sussex kama mzee wa vituko, mpenda sayansi na majengo ya ajabu. Haikumbukwi vya kutosha kwamba ukoo wake ulitajirika kwa kuyeyusha chuma cha mizinga na kwa mashamba ya miwa Jamaika, na kwamba yeye mwenyewe, akiwa mbunge, aliutetea utumwa bungeni waziwazi. Fedha za Ufaransa zilizochomwa ziliinua kuta. Fedha za watumwa wa Jamaika zilizizuia zisianguke. Anayetaka kuipenda Bodiam, na mimi ni mmoja wao, aipende pamoja na hesabu hiyo.

Wa pili ni Lord Curzon, aliyeinunua mwaka 1917. Huyu jina lake si geni kwa watu wa Bahari ya Hindi. Alikuwa Makamu wa Mfalme nchini India kuanzia 1899 hadi 1905, na mwaka 1903 alizuru Ghuba kwa manowari, akashuka Maskati, ambako Sultani alikuwa Faisal bin Turki, mjukuu wa Seyyid Said yule yule wa Unguja. Ziara ile ilikuwa somo la Bodiam katika bahari: hakupiga risasi hata moja, alionyesha tu meli. Huko India alisimamia sheria ya kuhifadhi majengo ya kale ya 1904 na kugharimia matengenezo ya Taj Mahal, bustani zake na mifereji yake ya maji. Aliporudi kwao alinunua ngome ya Tattershall mwaka 1911, akafukua mahandaki yake yaliyofukiwa na kuyarudishia maji, kisha ikaja zamu ya Bodiam. Akalikausha handaki, akatoa tope, akatafuta nguzo za daraja la zamani, akaondoa mimea iliyozilemea kuta, akazirekebisha, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1926 baada ya kufa kwake, na mwaka 1925 akaiachia ngome Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, National Trust.

Kazi yake ni nzuri. Nalisema hilo bila kusita. Bila yeye ninyi na mimi tungekuwa tunasoma juu ya rundo la mawe. Lakini ni kazi yenye ladha, na ladha hiyo ndiyo tunayoiona tunapodhani tunaona mwaka 1385. Majani yaliyokatwa sawasawa mpaka ukingoni ni yake. Maji safi yasiyo na harufu ni yake. Ule upweke wa jengo, limesimama peke yake kama kito juu ya kitambaa, bila kinu, bila mazizi, bila magati, bila moshi na kelele za gulio, ni wake pia, au ni wa warithi wa ladha yake. Wakati wa Dallingridge pale palikuwa na shughuli tele. Kwa hiyo wale waliosema kwamba ngome hii ni mandhari iliyotungwa walisema kweli, ila sehemu kubwa ya utunzi huo ina umri wa miaka mia moja tu.

Hatua chache kutoka kwenye handaki kuna kibanda cha zege, kifupi, kinene, cha rangi ya kijivu. Kilijengwa mwaka 1940, Wajerumani walipotarajiwa kutua pwani ile ile waliyotua Wafaransa, nacho kinalitazama daraja la mto. Watu hukipita wakienda kwenye maji. Hakina kinara wala nembo, wala hakuna maji ya kukirudia kwa chini. Tundu zake zimewekwa pale hasa ambapo mtu mwenye kuua angeziweka. Ningependa kila mwenye kubishana juu ya Bodiam asimamishwe hapo kwanza kwa dakika kumi, ajue sura ya jengo lililofikiria adui wa ng'ambo na kutofikiria kitu kingine.

Kisha azunguke upande wa kusini, ambako picha huchukuliwa kidogo. Huko kuna lango la nyuma, katika mnara wa mraba wa katikati ya ukuta, linalotazama mto na bonde, yaani njia ya baharini. Juu yake ipo nembo moja iliyochongwa, na si ya Dallingridge. Ni ya Sir Robert Knolles.